Ba- ni Nani?

Mswada ulianza kwa neno moja: Balimuua. Nukta. Aya mpya.

Mwandishi wake ni kijana wa Annexe, komini iliyozizunguka komini nyingine za Lubumbashi kama pete iliyolegea. Aliniletea kurasa 140 za riwaya ya upelelezi ili tuzipitie pamoja. Kalamu yangu, ambayo ni mtoto wa shule, ilikimbilia kosa kabla sijafikiri. Nikapiga mstari chini ya ba-, nikaandika pembeni wa-. Walimuua. Nilipolisoma tena neno langu kwa sauti, nikaona nimekata mguu wa meza.

Aliuawa ni sentensi ya karani wa polisi. Marehemu amewekwa mbele, na aliyetenda ametolewa nje ya sentensi kabisa, wala msomaji hamsikii akipumua. Walimuua inamrudisha mtendaji, lakini msomaji wa Tanga au Mombasa akiiona wa- ataanza kusubiri genge. Ba- ya Lubumbashi haifanyi hivi wala vile. Mtu akikuambia baliiba telefone yake, mwizi anaweza kuwa mmoja, wanaweza kuwa watano. Msemaji hajui, au anajua na hataki kutaja. Mtendaji yumo ndani ya neno, ana mikono, ila amejifunika uso.

Mji huu umezoea kuiogopa silabi hiyo. Enzi za Wabelgiji watu walisimuliana habari za batumbula, waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu. Jina la kazi lilijulikana kwa kila mtoto, sura haikujulikana kwa yeyote. Hiyo ni nusu nzima ya riwaya ya upelelezi, na mitaa iliitunga bila kusubiri mchapishaji.

Nikaifuta wa- yangu. Ukurasa wa kwanza ukabaki kama ulivyokuja.

Tabu ilianza mbele. Kijana alikuwa ameandika rasimu ya kwanza kwa Kifaransa, lugha aliyosomea, kisha akaileta kwenye Kiswahili. Simlaumu. Mkongomani Achille Ngoye alipoingia katika Série Noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu wa Gallimard, mwaka 1996 kwa kitabu chake Agence Black Bafoussa, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchapishwa humo, aliingia kwa Kifaransa. Lakini kila lugha ina mahali pake pa kuficha kisu. Kifaransa kina on, ambayo ni binamu wa ba- yetu, ila mwandishi akishaandika on l'a tuée, yaani balimuua, ile e ya mwisho imekwisha kusema kuwa maiti ni ya mwanamke. Kumtaja muuaji nako kuna mtego, maana kiwakilishi chake ni il au elle. Kiswahili hakidai ushuru huo. A- ni a-. Muuaji wetu anaweza kutembea kurasa mia, akala, akalia, akaenda kanisani, na sarufi isimtaje kuwa ni mume au mke.

Kijana hakujua kuwa ana mali hiyo, akaitupa kwenye ukurasa wa 31. Mtu asiyejulikana anaingia uani usiku. A- inamlinda vizuri sentensi nne mfululizo, kisha anakaza kitenge kiunoni. Sarufi imetunza siri, kitenge kimeropoka. Nilimuuliza kama alitaka tujue. Akacheka, akasema hakukiona.

Mahali nilipokaa naye muda mrefu zaidi ni ukurasa wa 44, kwa sababu pale alikuwa karibu kufanya jambo la kifundi bila kujijua. Mke wa marehemu amerudi nyumbani jioni. Rasimu ilisema hivi: akapuliza mbabula, akateleka maji ya bukari, akawasha mshumaa, kwa maana umeme ulikuwa umekatika. (Mbabula ni jiko la makaa, bukari ni ugali.) Kurasa hamsini baadaye mshukiwa anadai kuwa saa ile ile alikuwa kwa jirani akitazama mpira kwenye televisheni. Basi mshumaa ndio ushahidi.

Tazama kazi ya -ka-. Ni kiambishi cha mfuatano: kinapanga matendo kama shanga, na hakisemi lipi ni zito kuliko jingine. Kupuliza mbabula, kuteleka maji, kuwasha mshumaa, vyote vina uzito mmoja, na jicho la msomaji linapita juu yake likitafuta damu. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuzika ushahidi katika Kiswahili kuliko katikati ya mnyororo wa -ka-. Ila kijana aliogopa kuwa hatutaelewa, akaongeza "kwa maana". Neno la sababu likasimama peke yake kati ya maneno ya mfuatano kama mtu mwenye tochi. Nikalikata. Msomaji wa Annexe haelezwi mshumaa ni wa nini.

Hapo akanishinda, akiniita yaya kama huku anavyoitwa ndugu mkubwa. "Yaya, na kama jirani iko na grupe?"

Swali la haki. Jirani mwenye jenereta angeweza kutazama mpira gizani, na kitabu kizima kingeanguka. Tuliandika majibu mawili matatu, yote yakiwa na "kwa maana" ndani yake, tukayachana. Mwishowe yeye mwenyewe akaongeza tendo moja kwenye mnyororo: akapuliza mbabula, akateleka maji ya bukari, akawasha mshumaa, akakaa kuwasikiliza vyura. Kwa usiku wa vyura hakuna jenereta inayonguruma. Sentensi imeongezeka maneno matatu, haijaeleza kitu, na mlango wa jirani umefungwa.

Kabla ya kikao cha tatu nilimpa kazi ya nyumbani: aitafute riwaya mbaya ya upelelezi iliyotungwa na serikali katika mji huu huu. Jioni ya tarehe 17 Januari 1961 ndege ilitua uwanja wa Luano, huku huku kwetu, ikiwa na Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huo huo walipigwa risasi, mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Karibu wiki nne baadaye serikali ya Tshombe, rais wa Katanga iliyokuwa imejitenga, ikatoa hadithi yake. Kwanza, wafungwa wametoroka: kuna tundu ukutani, kuna walinzi waliofungwa, kuna gari lililochukuliwa. Kisha, tarehe 13 Februari, waziri wa mambo ya ndani Godefroid Munongo akawaambia waandishi wa habari kuwa watoro hao wameuawa na wanakijiji. Kijiji gani? Hatakitaja. Na wanaoishuku serikali walete ushahidi.

Tuliisoma kama mswada, kalamu mkononi. Kasoro yake ya kwanza ni vifaa. Tundu, kamba, gari: kila kimoja kinajibu swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza, na msomaji anayepewa majibu ya bure huanza kumtazama anayeyagawa. Ile "kwa maana" ya mshumaa ni ya ukoo huo. Kasoro ya pili ni mtendaji. "Wanakijiji" ni wingi usio na kijiji. Ni ile ba- ya mtaani iliyovalishwa suti, na tofauti yao ni kubwa: mtaani ba- inasema sijui, kwenye meza ya waziri inasema msiulize. (Jino la Lumumba, ambalo polisi wa Kibelgiji Gerard Soete alilichukua walipoiangamiza maiti, lilirudishwa kwa familia mjini Brussels mwezi Juni 2022. Kijana angeniletea ushahidi wa namna hiyo kwenye riwaya, ningemwambia amezidisha.)

Kisha nikamtolea Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda shindano la East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, anajulikana hata huku. Mimi nilitaka tusome jina la kitabu tu. Maiti imekutwa kwenye mzimu, na jina limekwisha kumtaja mtuhumiwa: watu wa kale. Wingi usio na uso, wasioweza kushikwa, wasioweza kukana. Kwa umbo ni wanakijiji wa Munongo hasa. Tofauti ni mahali walipowekwa. Abdulla amewaweka jaladani, mwanzo kabisa, wawe swali. Kitabu kizima ni kazi ya Bwana Msa ya kuwatoa pale mmoja mmoja mpaka abaki binadamu mwenye jina. Munongo aliwaweka mwisho, wawe jibu. Kifaa ni kile kile. Kimoja kinafungua kitabu, kingine kinakifunga mdomo.

Kijana alinyamaza, kisha akafungua ukurasa wake wa mwisho. Humo mkaguzi wa polisi anakusanya watu barazani, anaeleza yote kwa aya kumi na moja, na anamtaja muuaji kwa jina, postinomu (jina la pili) na jina la baba. Nilikuwa nimemwandikia apunguze aya. Hakupunguza. Aliondoka na mswada wote, akarudi baada ya wiki mbili na ukurasa huo mmoja.

Aya zote kumi na moja zilikuwa zimekatwa. Mkaguzi hayumo barazani. Msimulizi, ambaye kwa kurasa 139 ni kijana mpole anayetusimulia habari za mtaa wake, amekaa peke yake kando ya mbabula iliyozimika. Sentensi ya mwisho ni neno moja: Tulimuua.

Nilimwambia hila hiyo ina umri, kwamba Agatha Christie alimfanya msimulizi kuwa muuaji mwaka 1926 na wapo waliomkasirikia. Akasema anajua, ila wa Christie alikuwa mmoja. Hapo sikuwa na la kujibu. Nikamwonyesha ukurasa wa saba, ambapo msimulizi anajiuliza moyoni ni nani aliyefanya unyama ule. Mtu aliyekuwapo hawezi kujiuliza hivyo moyoni. Anaweza kuwauliza wengine kwa sauti. Akaandika pembeni. Kisha ukurasa wa 19, ambapo anashtuka kuona damu. Kisha wa 23.

Tangu hapo anapitia kila ba- iliyomo kitabuni, akiweka alama ya penseli juu ya zile ambazo msimulizi anazitamka hali akijua. Juzi alikuwa amefika ukurasa wa 60.