Mchanga, Mtapo na Makinikia: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Uainishaji wa Madini kwa Ajili ya Forodha

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi za Kiswahili zinazohusu mali inayoainishwa katika Sura ya 26 ya Mfumo Uwianifu wa bidhaa, yaani mali ghafi ya metali, mabaki ya uyeyushaji na majivu. Inadaiwa kwamba udhaifu mkuu wa istilahi hizo hautokani na uhaba wa maneno, bali na mazoea ya kulitumia neno moja, *madini*, kwa hali tatu ambazo sheria ya forodha huzitenganisha. Mifano imetoka katika mjadala wa makinikia wa mwaka 2017 nchini Tanzania, uchimbaji wa Kwale nchini Kenya na mabaki ya shaba ya Lubumbashi.

1.0 Utangulizi

Katika semina ya istilahi, niliwapa wanafunzi wa umahiri kichwa cha Sura ya 26 wakitafsiri kwa Kiswahili. Wengi wao waliandika "Madini, Takataka na Majivu". Tafsiri hiyo inasomeka vizuri, nayo ina makosa mawili kati ya maneno matatu. Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini makosa hayo si ya wanafunzi peke yao.

Mfumo Uwianifu, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Ndio msingi wa orodha ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Umoja wake wa Forodha ulianza mwaka 2005. Katika mfumo huu, jina la bidhaa si pambo. Jina huamua kifungu, na kifungu huelekeza ushuru, vibali na takwimu za biashara. Kwa kuwa Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, suala la nani atayaandika majina haya kwa Kiswahili, na kwa usahihi gani, haliwezi tena kuachiwa wafasiri wa magazeti.

2.0 Neno *madini* na Mipaka ya Sura

Sura ya 26 inakaa kati ya majirani wawili. Upande mmoja ipo Sura ya 25, yenye chumvi, salfa, udongo na mawe. Upande wa pili zipo sura za metali zenyewe: dhahabu na fedha katika Sura ya 71, chuma na chuma cha pua katika Sura ya 72, shaba katika Sura ya 74. Jiwe lenye shaba likiwa bado halijayeyushwa limo katika kifungu cha 2603. Likishayeyushwa na kuwa shaba, limehama sura. Kinachoainishwa, basi, ni hali ya kitu na hatua ya kazi iliyokifikisha hapo.

Kiswahili cha kila siku huziita hali hizo tatu kwa jina moja. Chumvi ya mawe ni madini, jiwe la shaba ni madini, na waya wa shaba mtu husema umetengenezwa kwa madini ya shaba. Vitabu vya kemia vimelisaidia jambo hili kwa kulitumia neno *metali*, na hilo limekubalika. Pengo limebaki katikati, kwenye jiwe ambalo metali yake inaweza kutolewa kwa faida. Hapo kamusi na maandishi ya sayansi yana maneno mawili, *mbale* na *mtapo*, ambayo hayajapewa kazi ya wazi katika lugha ya sheria na biashara.

Napendekeza *mtapo*, kwa sababu ya kisarufi. Neno hilo lina umoja na wingi ulio dhahiri (mtapo/mitapo), ilhali *mbale* haionyeshi tofauti hiyo katika umbo la nomino. Maandishi ya sheria huhitaji kutenganisha mtapo mmoja na mitapo ya aina mbalimbali, na ngeli ya M-/MI- hufanya kazi hiyo bila maneno ya nyongeza.

3.0 Mchanga na Makinikia

Machi 2017 serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia kwenda nje ya nchi. Kamati ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilichunguza makontena 277 yaliyokuwa katika bandari ya Dar es Salaam na kuwasilisha taarifa yake Mei mwaka huo. Kampuni iliyohusika iliyapinga matokeo, na mgogoro ulimalizwa kwa makubaliano yaliyoipa serikali hisa za asilimia 16. Yaliyomo katika makontena hayo ni jambo la wanajiolojia. Linalomhusu mwanaisimu ni kwamba taifa zima lilijadili mali ambayo haikuwa na jina lililotulia. Wengi waliiita *mchanga wa dhahabu*. Kisha *makinikia* likashika nafasi.

Neno *mchanga* lilibeba hoja ndani yake. Anayesikia kwamba mchanga umepakiwa katika kontena hudhani kwamba mali imezolewa tu ardhini na kuondolewa. Kumbe mwamba ulikwisha kupondwa, kusagwa na kuelezwa katika maji yenye kemikali ili chembe zenye shaba na dhahabu zitengane na mawe. Orodha ya forodha yenyewe imeliona tatizo hili: kifungu cha 2505 kinahusu mchanga wa asili wa kila aina, lakini kinautoa mchanga wenye metali na kuupeleka Sura ya 26. Kwale, katika pwani ya Kenya, mchanga wa namna hiyo ulichimbwa kwa zaidi ya mwaka kumi ili kupata mitapo ya titani na zirkoni. Huko neno *mchanga* ni sahihi kwa kile kinachochimbwa. Kwa zao la mtambo wa Bulyanhulu, neno hilohilo linapotosha.

Je, *makinikia* ni bora? Kimofolojia, neno hili linaonekana kujengwa juu ya *makini*, kupitia kitenzi *makinika*, chenye maana ya kutuliza akili juu ya jambo. Ukolezaji wa mawazo umehamishiwa ukolezaji wa madini, uhusiano ambao upo katika Kiingereza na haukuwapo katika Kiswahili. Zaidi ya hayo, silabi *ma-*, ambayo ni sehemu ya mzizi, sasa imechukuliwa kama kiambishi cha ngeli: watu husema "makinikia haya", ingawa hakuna *kinikia*. Mwanaisimu angeweza kupendelea neno lililotokana na *koleza*. Hata hivyo, sipendekezi *makinikia* liondolewe. Limepita bungeni, sokoni na vijiweni, na jamii imekwisha kulipa maana moja. Somo lake ni kwamba istilahi iliyochelewa huzaliwa katikati ya ugomvi, na wakati huo hakuna anayeuliza ilivyoundwa.

4.0 Mavi ya Chuma na Majivu

Kosa la pili la wanafunzi wangu lilikuwa *takataka*. Mtapo unapoyeyushwa, uchafu wa mwamba huungana na chokaa na kuelea juu ya metali. Ukishapoa huwa kitu kigumu ambacho Kiswahili kimekiita *mavi ya chuma* tangu zamani. Niliwauliza kwa nini hawakulitumia. Walisema linatia haya. Haya hiyo inaigharimu lugha. Mavi ya chuma yaliyopozwa kwa maji yakawa chembechembe yana kifungu chake, 2618, na hutumika katika saruji. Kifungu cha 2620 kinahusu mabaki yenye metali yasiyotokana na utengenezaji wa chuma. Lubumbashi, ambako Kiswahili husemwa mitaani, kilima cheusi cha mabaki ya shaba kimerudiwa kuyeyushwa ili kupata kobalti. Kukiita takataka ni kukitangaza hakina thamani kabla hakijapimwa.

*Majivu* halina utata, ila linafunza jambo. Mwani uliokaushwa unaosafirishwa kutoka Zanzibar umo katika kifungu cha 1212. Mwani huohuo ukichomwa, majivu yake yamo katika 2621. Mmea haukubadilika. Kazi iliyofanyiwa ndiyo iliyobadilika.

5.0 Hitimisho

Kichwa cha Sura ya 26 kingeweza kusomeka "Mitapo, Mavi ya Metali na Majivu", huku *madini* likibaki jina la jumla, *metali* likiwa zao la mwisho na *makinikia* hatua ya kati. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililohitaji kubuniwa upya. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutaka tuanze na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuende kwingine. Wahaya na Wafipa waliyeyusha chuma kwa vizazi vingi, na msamiati wao wa tanuri, mtapo na mabaki unastahili kukusanywa kabla wazee wanaoukumbuka hawajatutoka. Hiyo ni kazi ya tasnifu kadhaa za umahiri. Mchimbaji mdogo anayetia saini hati ya mauzo ana haki ya kulielewa jina la mali yake, kwa kuwa bei hutajwa baada ya jina.