Mawakala wangapi? Ushahidi wa reli ya Mlimba hadi Makambako

Mwandaaji programu anayefanya kazi peke yake Njombe mjini anaweza leo, kwa amri chache tu, kuwasha mawakala kumi wa akili unde na kuwaacha waandike msimbo usiku kucha. Kuwaongeza ni rahisi. Kujua waongezwe hadi wangapi ndiyo kazi. Wengi huamua kwa kutazama ukubwa wa mfumo: mfumo mkubwa, timu kubwa. Kipimo hicho kinapotosha. Idadi inatakiwa kutoka kwenye mambo mawili, yaani kazi inakatika vipande vingapi visivyosubiriana, na kila kipande kinaweza kukaguliwa kwa kitu gani ambacho hakimtegemei aliyekitengeneza. Majukumu nayo yanazaliwa hapo hapo, wala hayatoki kwenye vyeo. Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani kuliko kuenea kwa kompyuta za mezani, na unapita Makambako juu ya mataruma.

Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na Novemba 1971 kilomita 502 za kwanza, hadi Mlimba, zilikuwa zimekwisha. Kilomita 470 hivi zilizofuata zilifika mpakani Tunduma Agosti 1973. Kwa hiyo nusu ya pili ya upande wa Tanzania, ambayo ni fupi kidogo, ilikula miezi 21 ilhali ya kwanza ilikula 13. Na haikuwa kwa uhaba wa watu, maana ni mwaka 1972 ambapo nguvu kazi ilifika kileleni: Wachina wapatao 13,500 na Watanzania na Wazambia wapatao 38,000. Tofauti ilikuwa ardhi. Katika tambarare za Kilombero tuta la hapa halingoji tuta la kule. Kazi iligawanywa kwa kambi, kila kambi na kipande chake cha kilomita sitini na kitu, na kilipoisha kambi ilihamia mbele. Kuanzia Mlimba njia inapanda kwenda nyanda za juu, hadi zaidi ya mita 1,500 pale Makambako, na sehemu kubwa ya mahandaki ya reli nzima imerundikana kwenye mpando huo. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za mita 50 hivi. Handaki lina midomo miwili, na mbele ya mwamba wanaenea wachimbaji wachache. Mwingine ukimleta atasimama nje akisubiri zamu. Reli zenyewe zililetwa juu ya reli iliyokwisha kulazwa, kwa hiyo kundi la kulaza njia lilikuwa moja, hata kama nyuma yake kulikuwa na maelfu.

Jambo la pili la kutazama ni namna makundi hayo yalivyoweza kukutana bila kugongana. Fundi wa Kichina na kibarua wa Kitanzania hawakuwa na lugha moja. Mafunzo mengi yalikuwa ya kuonyeshana kwa mikono. Kilichoshika kazi pamoja ni vipimo vilivyokubaliwa kabla ya jembe la kwanza, na kikubwa kuliko vyote ni upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli, sawa na reli za Zambia. Kambi mbili zisizojuana zingeweza kutoka pande mbili zikakutana sawasawa. Upana huo huo haukulingana na Reli ya Kati, yenye milimita 1,000, na ndiyo maana mwaka 1998 ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Makubaliano yanayokosekana mwanzoni yanakuja kulipwa baadaye kwa winchi na vibarua.

Sasa tuje kwenye msimbo. Februari 2026 mtafiti Nicholas Carlini wa kampuni ya Anthropic alieleza jinsi alivyowaweka mawakala 16 kutengeneza kompaila ya lugha ya C, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine. Walitumia takriban vipindi 2,000 vya kazi na dola 20,000 hivi, wakatoa mistari 100,000. Kila wakala alichukua kazi kwa kuandika faili dogo la kuifunga, ili mwenzake asiiguse. Mradi ulipokuwa na majaribio mengi yaliyofeli, kila moja kivyake, wote 16 walikuwa na kazi: hiyo ndiyo Kilombero. Walipofika kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambacho ni kazi moja kubwa, wote waligonga kosa lile lile, kila mmoja akalirekebisha kwa njia yake, na wakafutiana. Mawakala 16 wakawa na faida ya mmoja. Hawakuokolewa na wakala wa kumi na saba. Carlini alitumia kompaila ya siku nyingi, GCC, ikusanye mafaili mengi ya kiini na kuwaachia mawakala sehemu ndogo iliyochaguliwa kwa bahati nasibu; kosa likitokea, linajulikana limo kwenye sehemu ipi. Handaki lilipasuliwa likapata midomo mingi. Angalia kwamba kilicholipasua ni mkaguzi wa nje.

Hapa atasema mtu: wakala si kibarua, halali usingizi, hachoki, halipwi posho, kwa hiyo kumwongeza kuna hasara gani? Hasara ni ya kuelewana. Mtaalamu wa programu Frederick Brooks aliandika mwaka 1975, mwaka ambao TAZARA iligusa Kapiri Mposhi, kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa sababu njia za mawasiliano huongezeka kwa kasi kuliko vichwa: watu 4 wana jozi 6, watu 16 wana jozi 120. Wakala ana ugonjwa huo kwa namna yake. Kila mmoja huanza bila kujua aliloamua mwenzake, na maamuzi mengi katika msimbo huwa hayasemwi. Walden Yan wa kampuni ya Cognition alitoa hoja hiyo Juni 2025 alipowashauri watu waache kujenga mawakala wengi. Mwezi huo huo Anthropic walieleza mfumo wao wa utafiti wenye wakala mkuu na wasaidizi, ambao ulikula tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma na kuandika, mara 15 hivi ya mazungumzo ya kawaida, wakakiri kwamba kazi nyingi za msimbo hazina vipande vingi vya kufanywa sambamba kama utafiti ulivyo.

Chukua mfumo wa kituo cha kununulia viazi mviringo kando ya barabara ya Njombe: kupokea mizigo, kulipa wakulima kwa simu, kutoa ripoti. Unaonekana una sehemu tatu, basi mawakala watatu. Lakini wa mapokezi akihesabu magunia, wa malipo akihesabu kilo na kudhani kila gunia ni kilo 100, lumbesa la kwanza litakalopimwa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, litamdhulumu mkulima, na hakuna jaribio la wakala yeyote litakalolia, kwa sababu kila mmoja yuko sahihi kwenye faili lake. Hapo kipimo kinaamuliwa kwanza na mwenye mradi: kilo kutoka kwenye mizani, gunia ni maelezo tu. Kabla ya uamuzi huo ningeweka mwandishi mmoja. Baada yake, na majaribio yakiwepo, watatu wanaweza kwenda.

Majukumu ndiyo yanayopambwa mno. Mwaka 2023 mifumo ya ChatDev na MetaGPT ilipanga mawakala kama ofisi ya programu, na meneja, mhandisi na mjaribu. Ilikuwa hatua ya maana kama utafiti, ila wengi walioiga waliiga vyeo. Mawakala wawili wenye modeli moja, mafaili yale yale na maelekezo yanayofanana ni mtu mmoja mwenye kofia mbili. Jukumu linastahili pale linapobadilisha anachokiona wakala au anachoruhusiwa kukigusa: mkaguzi asiyesoma maelezo ya mwandishi, anayepewa tu sharti na msimbo, msomaji anayetumwa kupekua mafaili mengi na kurudi na aya moja ili kumbukumbu ya mwandishi isijae, mwenye ruhusa ya kugusa malipo, na wengine wasiwe nayo. Hata katika kompaila ile baadhi ya mawakala walipewa kazi za pembeni, mmoja kuunganisha msimbo uliojirudia, mwingine nyaraka, na hizo ni kazi ambazo matokeo yake yanaonekana kwa macho.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kompaila ilifanikiwa, na reli ilifika. Ndiyo, ila Carlini mwenyewe alisema kwamba mwishoni vipengele vipya na marekebisho vilikuwa vikivunja mara kwa mara vilivyokwisha kufanya kazi. Na TAZARA, iliyobuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, ilibeba takriban tani 88,000 mwaka wa fedha 2014/15. Sababu za anguko hilo ni nyingi, siasa na barabara zikiwemo, lakini mojawapo ni kwamba timu ya kujenga na timu ya kutunza ni vitu viwili, na tangu makabidhiano ya Julai 1976 iliyohitajika ni ya pili. Yule mwandaaji wa Njombe ndiye atakayebaki na mfumo wa viazi mawakala wakishazimwa, mkulima akipiga simu kuuliza mbona fedha zimepungua. Mistari anayoweza kuisoma na kuielewa kwa siku ndiyo inayoweka kikomo, na kwa mtu mmoja makini kikomo hicho hufikiwa na mawakala wawili au watatu, mara nyingi kabla ya saa sita mchana.