Zinapobaki Njuga Tu

Wengi tunaijua White Man Sleeps ya Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, kupitia Pieces of Africa, albamu ya Kronos Quartet ya 1992: vayolini mbili, viola na chelo. Lakini mwaka 1982 Volans aliitungia hapsikodi mbili, viola da gamba na ala za midundo. Hapsikodi na viola da gamba ni vyombo vya Ulaya ya enzi ya baroko, kabla piano haijatawala.

Ujanja uko hapo. Hapsikodi haigongi nyuzi kwa nyundo kama piano, inazidonoa. Sauti inatoka kali na kufa haraka, kama ya marimba ya vidole. Volans akazilegeza na kuzikaza nyuzi zifuate ngazi za sauti za Kiafrika. Ukiniuliza mie, toleo la Kronos ni tamu zaidi, ila la kwanza ndilo lenye ukweli. Vayolini zinalainisha pale hapsikodi inapokwaruza.

Jina lake, "Mzungu Amelala", limetoka kwenye ngoma ya nyanga ya Msumbiji. Wachezaji huacha filimbi kwa muda, zikabaki njuga za miguuni tu, ili mzungu mwenye shamba asiamke.

Nilikuwa naisikiliza Tabora, njiani kwenda Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Walichoandika hao wawili kinasomwa hadi leo. Wapagazi wa Kinyamwezi nao waliimba kwenye njia hii, kirangozi akianzisha, msafara ukiitikia. Muziki wa Ulaya wa zamani unaitwa "muziki wa kale", una nota na jina la mtunzi. Wa kwetu unaitwa "ngoma ya asili", kana kwamba umejiotea kama nyasi.

Volans ameviweka vyote meza moja, na hilo namsifu. Lakini mtunzi anayetajwa ni yeye. Wapiga nyanga wamebaki watu wa kule kijijini.

Katika albamu hiyo hiyo yumo Mganda Justinian Tamusuza, na Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Yeye anaanzia kwenye muziki wa kwao Buganda, wala hapiti kwanza kwa baroko kuomba ruhusa.

Na sisi je? Frank Gunderson amekusanya nyimbo za kazi za majirani zetu Wasukuma, za wapagazi zikiwemo, kwenye kitabu cha 2010. Malighafi ipo, jamani. Anayekosekana ni mtunzi wa kuzichukulia kama muziki wa kale, na kuwataja wenyewe.