Mistari Myeusi ya Mlabani

Ukipita mitaa ya Mlabani hapa Ifakara utaona kwamba nyumba nyingi za matofali ya kuchoma zimechorwa. Tofali hupakwa wekundu kuliko ule wa tanuri, na mistari iliyo kati ya tofali na tofali hutiwa rangi nyeusi, au nyeupe kwa wapendao makubwa. Nyumba iliyokaa kimya miaka ishirini inaamka siku moja imevaa wavu wa kuvulia samaki. Mimi si mwashi, ni mtazamaji tu. Lakini katika shauri hili nyumba ya kwetu imo, kwa hiyo usinitegemee niwe mwamuzi asiye na upande.

Marehemu baba aliijenga mwaka 1974, wakati reli ya TAZARA ikijengwa. Matofali yalishikwa kwa udongo, na mapengo ya nje yakazibwa kwa saruji kidogo na mchanga mwingi wa Lumemo, maana saruji ilikuwa haba. Ukavu wa kiangazi na vumbi la barabara vikamalizia kazi: mistari ikawa ya kijivu chenye wekundu, karibu sawa na matofali yenyewe. Kwa mbali hukuona mistari, uliona ukuta.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipoitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba tumeiabudu saruji, ambayo kwake ilikuwa udongo wa Ulaya tu, tukaudharau udongo wetu. Baba aliyakubali maneno hayo kwa furaha kubwa. Nadhani yalimpa heshima kwa jambo alilolifanya kwa kukosa fedha.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta habari ya mistari myeusi. Nilimpinga kwa hoja ya macho. Tofali letu lina urefu wa sentimita 22 na kimo cha 10 hivi. Pengo likiwa la sentimita 2, mistari inachukua karibu robo ya ukuta, na likifika 3 inakaribia theluthi. Robo ya ukuta si pambo. Isitoshe, matofali yetu hayalingani: hili limepinda, lile limeungua pembe. Mstari uliofanana nayo huficha kasoro hizo, mweusi huzisoma kwa sauti. Waashi wa London katika karne ya 18 walilijua hilo: wenye matofali mabovu walijaza mapengo kwa chokaa yenye rangi ya tofali, kisha wakaweka juu yake mstari mwembamba mweupe, ili mpita njia adhani matofali yamekatwa sawasawa. Ulikuwa udanganyifu, lakini wa mtu anayeijua kazi yake.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, wewe unakuja Krismasi na kuondoka. Mimi ndiye ninayekaa ndani ya nyumba inayoonekana kama ya marehemu."

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Fundi akaja. Nikiri kwamba hakuwa mpakaji wa juu juu. Rangi ikipakwa juu ya saruji kuukuu hubanduka. Yeye alikwangua mapengo kwa kina cha sentimita mbili, akafagia, akalowesha maji, ndipo akajaza upya. Alikataa masizi, kwa kuwa mvua huyaosha, akatumia rangi ya unga itokanayo na madini ya chuma, pungufu ya sehemu moja kwa kumi ya uzito wa saruji. Alijaza kipande kidogo nyuma ya jiko akangoja kikauke, maana saruji mbichi hudanganya: ni nyeusi kuliko itakavyokuwa. Upande wa barazani ukamalizika kwa siku nne. Jioni ile, jua likishukia upande wa pili wa bonde, nilisimama barabarani nikauona ukuta na, nisikufiche, ulikuwa mzuri. Mama alileta kiti akaketi nje, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

Kosa halikuwa katika rangi, na hapo ndipo hoja yangu ya macho ilipoaibika. Fundi alitia saruji nyingi ili kazi idumu, na sisi tulimsifu kwa hilo. Tofali letu la tanuri ni laini, hunywa maji ya masika; zamani unyevu ulitokea kwenye mapengo yenye mchanga mwingi. Sasa mapengo ni magumu kuliko tofali, nayo maji hutafuta njia kupitia uso wa tofali lenyewe. Baada ya masika ya tatu nyuso zilianza kubanduka, vigamba vyekundu kama ganda la karanga, huku mistari myeusi ikibaki imesimama peke yake.

Upande wa mashariki, ambao fedha haikuufikia, uko kama baba alivyouacha. Mama hufagia vumbi jekundu barazani kila asubuhi, na kiti chake bado kiko nje.