Kuta Zisizofuata Timazi

Mwashi aliyezoea kunyoosha ukuta kwa timazi atatatizika mbele ya Kanisa la Maombezi ya Mama wa Mungu, katika monasteri ya Martha na Maria jijini Moscow. Kuta zake nyeupe zimepinda kidogo na pembe zimelainika, kana kwamba zilikandwa kwa kiganja. Aliyezichora, Aleksei Shchusev, mzaliwa wa Chişinău mwaka 1873, alikuwa amesomea sanaa yake St Petersburg na mistari iliyonyooka aliijua vizuri. Mpindo ule aliuweka kwa kukusudia.

Enzi hizo kurudia mtindo wa kale wa makanisa ya Kirusi ilikuwa fasheni. Wengi walikusanya mapambo tu. Kanisa la msanifu Alfred Parland huko St Petersburg, lililojengwa kati ya 1883 na 1907 mahali alipouawa mfalme Aleksanda wa Pili, limejaa nakshi nje na mozaiki ndani, zaidi ya mita za mraba 7,000. Linastaajabisha, sikatai, lakini jicho halipati pa kupumzika.

Shchusev alipita njia ndefu zaidi. Huko Ovruch, mji ulio Ukraine leo, kulikuwa na magofu ya kanisa la Mtakatifu Basili la karne ya 12. Badala ya kuyafukia na kusimamisha jipya juu yake, yalichimbwa. Chini ya kifusi vikaonekana vipande vya matao vilivyoanguka, pamoja na misingi ya minara miwili ya ngazi. Vipande vilipimwa na kurudishwa mahali pake ukutani, kisha mapengo yakajazwa. Kazi ilikamilika mwaka 1909, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha mwanataaluma wa usanifu. Fundi anayerudisha tofali la mwenzake aliyekufa karne saba zilizopita hujifunza jambo ambalo mchoro wa kitabuni haufundishi: wapi mkono ule ulikaza, wapi ulilegea.

Ndiyo maana Moscow, kati ya 1908 na 1912, hakunakili kanisa lolote. Mlezi wa kazi alikuwa Elizaveta Feodorovna, mjane wa mwanamfalme aliyeuawa kwa bomu mwaka 1905, aliyeanzisha monasteri hiyo kuhudumia wagonjwa na maskini. Shchusev alichukua ukavu wa makanisa ya miji ya Novgorod na Pskov, akaacha sehemu kubwa ya ukuta wazi, kisha akapachika hapa na pale mawe machache yenye nakshi. Uchache huo ndio unaomfanya mtazamaji ayatafute. Michoro ya ndani ni ya Mikhail Nesterov.

Baada ya mapinduzi ya Urusi akachora kaburi la Lenin: la mbao, lililosimamishwa kwa siku chache tu mnamo Januari 1924, na la granaiti lililokamilika 1930. Wengi wanamjua kwa hilo. Mimi ningemtafuta kwanza uwanda wa Kulikovo, palipopiganwa vita vya 1380, kwenye kanisa la Mtakatifu Sergius alilolibuni likajengwa kuanzia 1913. Minara yake miwili ya mbele imevaa kofia za askari wa kale, na haifanani. Msanifu mwoga angeilinganisha.