Shamba Lisilo na Kiangazi

Kila aliyepita kidato cha nne katika nchi hii anaijua kanuni ya uhakiki: fani na maudhui. Wahusika, mandhari, muundo, matumizi ya lugha, dhamira, halafu mwisho kabisa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Tuliikariri kama sala, tukaimwaga kwenye mtihani, tukaisahau. Leo naomba niitumie kwa kazi ambayo hakuna mwalimu aliyeileta darasani, ingawa inasikilizwa kuliko riwaya zote tunazoota kuziandika humu. Nazungumzia maneno ya wachambuzi wa fedha na biashara wanaotujia kwenye simu: jinsi ya kugeuza laki mbili ziwe milioni, kwa nini mshahara ni utumwa, kwa nini ununue kiwanja kabla ya mwezi kwisha.

Msinicheke, ndugu wasomaji. Hii nayo ni fasihi. Ina msimulizi, ina shujaa, ina safari ya kutoka taabuni kwenda rahani, na hadhira yake si haba. Hapa Nzuguni, kaa kijiweni nusu saa kati ya stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai. Dereva wa bodaboda anasubiri abiria na simu yake imefunguliwa sauti yote, jamaa mmoja anamfafanulia namna pesa inavyoweza kumfanyia kazi akiwa amelala. Mama wa nyanya naye anasikiliza huku anapanga mafungu.

Tuanze na wahusika. Shujaa huwa mmoja, "kijana fulani", hana jina. Alianza na elfu hamsini. Nyumbani kwake hakuna mgonjwa, hakuna mdogo wake anayedaiwa michango ya shule, hajawahi kufiwa akalazimika kusafirisha maiti. Elfu hamsini yake inabaki elfu hamsini mpaka inazaa. Mimi nikileta mhusika wa namna hii, mhariri wa jarida hili atanirudishia karatasi na kuandika pembeni neno moja: bapa.

Na wale wengine wako wapi? Mtakumbuka kware. Mwaka 2013 na 2014 Kenya iliingiwa na wazimu wa kware, na huku kwetu upepo ule ulifika. Mayai yalikuwa ghali kwa sababu wafugaji walikuwa wachache, na wanunuzi wengi walikuwa watu waliotaka nao wawe wafugaji. Kila mtu alipopata kware wake, hakubaki wa kumuuzia. Aliyeuza mapema ndiye aliyepata habari ya kusimulia, na ndiye tuliyemsikia. Waliobaki na mabanda matupu hawakuitwa popote kutoa semina.

Lakini sehemu inayoniuma zaidi ni matumizi ya lugha. Wachambuzi hawa wamechukua sitiari zetu za shambani. DECI, iliyovuma hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009, haikuwaambia watu waweke fedha. Watu "walipanda mbegu", kisha wakasubiri "kuvuna". Wengi walikuwa watu wa kanisani, na mbegu wanaijua kutoka mimbarini na kutoka shambani, kwa hiyo neno liliingia moyoni bila kubisha hodi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. (Jina upatu hapa linaonewa. Upatu wa akina mama wa mtaani kwetu ni kitu kingine kabisa: kila mmoja anaijua sura ya mwenzake, na fedha inayotoka ni ile ile iliyoingia.)

Baada ya mbegu wakaja kuku. Kati ya mwaka 2018 na 2020 kampuni ya Mr Kuku iliahidi faida ya asilimia 70 kwa miezi minne na asilimia 90 kwa miezi sita. Mwenye kampuni alifikishwa Kisutu mwaka 2020. Mimi si mwanasheria, nasoma kama msomaji wa hadithi tu, na ninachouliza ni hiki: kuku gani huyo asiyepatwa na mdondo? Bibi yangu amefuga kuku maisha yake yote. Hawezi kukutajia idadi yao bila kusema "Mungu akipenda", kwa sababu ameshaamka asubuhi akakuta wote chali.

Mtu wa Dodoma anajua neno mbegu lina nini ndani yake. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Katikati yake, mara nyingi Februari, mbingu hufunga wiki mbili tatu, mahindi yakasinyaa yakiwa yamefika kiunoni. Ndiyo maana wazee walishikilia uwele na mtama. Hata hiyo mtama ikinusurika, kwelea kwelea wanaisubiri. Kwa hiyo huku ukisema "kupanda" umeshasema na kupanda mara ya pili, na kukosa. Msanii wa fedha amechukua mbegu na mavuno, kiangazi amekiacha kwetu. Shamba lake halina hata ndege.

Sasa niseme jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Mwaka 2021 shangazi yangu aliuza mbuzi sita. Kulikuwa na mradi wa nguruwe, wa watu ambao sitawataja: unalipia watoto wa nguruwe, wao wanakufugia, baada ya miezi minane unapewa chako na faida. Maelezo yalikuja kwenye simu, marefu, yameandikwa ovyo, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Shangazi haoni vizuri maandishi madogo. Msomaji wa nyumba ni mimi, niliyemaliza sekondari.

Nilimsomea. Na kwa kuwa najipenda kwa sauti yangu, nilisoma vizuri kuliko walivyoandika. Niliweka vituo pale pasipokuwa na vituo. Penye faida nilipunguza mwendo. Alisikiliza mkono ukiwa shavuni, kisha akaniuliza, "Na wakifa, mwanangu?"

Nikarudi juu kwenye maandishi, nikatafuta. Hapakuwa na neno. Homa ya nguruwe inajulikana huku, hata mtoto anajua inavyosafisha banda, lakini hawakuigusa. Nikamjibu, "Wana daktari wa mifugo, shangazi." Hawakusema hivyo. Niliitunga mimi, pale pale, kwa sababu hadithi ilikuwa na pengo na pengo linanikera. Mbuzi sita wakaenda. Simu ya wale watu ilipokelewa kwa miezi miwili.

Tangu hapo nikisikia uchambuzi wowote namtafuta msimulizi kwanza. Chukua viwanja. Mwezi Julai 2016 ilitangazwa serikali inahamia Dodoma, mwaka 2017 CDA ikavunjwa, na bei za viwanja zikapanda kweli, sibishi. Leo tunasimuliwa habari za aliyenunua kabla ya hapo kana kwamba alikuwa nabii. Alikuwa na bahati, pengine alitaka tu pa kulima mtama. Na anayetuambia kwamba ardhi haijawahi kushuka bei, mfuatilie mpaka mwisho wa maneno yake: atakupa namba ya simu na vipimo, ishirini kwa ishirini. Ni dalali. Udalali ni kazi halali, ila dalali aliyevaa koti la mchambuzi ni msimulizi wa kuangaliwa mara mbili.

Kuna maandishi ya fedha ambayo sasa nayaheshimu, na mtashangaa, maana yanachosha kuliko mahubiri ya saa tatu. Ni waraka wa matarajio. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017, hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, waraka wake ulikuwa na sehemu ya vihatarishi, kama sheria inavyotaka. Kampuni yenyewe, kwa mdomo wake, inaeleza yanayoweza kuiharibikia. Baadaye bei ya hisa ile ilishuka chini ya 850. Aliyesoma aliumia kama wenzake, lakini alikuwa ameonywa. Wachambuzi wangapi waliufungua waraka ule kabla ya kutushauri?

Jamaa mmoja kijiweni alinipinga. "Ukiwaambia watu hatari zote, nani atathubutu kufanya kitu?" Nilimjibu kwamba Wagogo wanajua hatari zote na wanapanda kila mwaka. Alicheka. Sijui kama nilimshawishi.

Lakini mhakiki hana budi kutaja na kufaulu kwa msanii. Hawa watu wanaongea Kiswahili ambacho mama wa nyanya anakielewa, wakati wataalamu wa uchumi kwenye televisheni wanachanganya Kiingereza nusu kwa nusu. Wanamwita mama yule mfanyabiashara. Wanamuuliza ana mtaji wa kiasi gani. Sisi waandishi chipukizi tumemweka mara ngapi kwenye hadithi zetu, tukampa hesabu zake mwenyewe za faida na hasara, badala ya kumfanya mama maskini anayelia? Mimi sijafanya hivyo hata mara moja. Riwaya yangu imekwama sura ya tatu, na mhusika aliyeikwamisha ni mwanamke anayeuza mbuzi.

Shangazi bado ananiletea simu yake. Wiki iliyopita ilikuwa habari ya kilimo cha alizeti, ekari zako wanakulimia wao. Nilisoma kama ilivyoandikwa, bila kuongeza kituo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mvua isiponyesha?"

Nikapandisha maandishi juu, nikayashusha. Nikamwambia hawakuandika.