Mhudumu Asiyekasirika: Igizo la Akili Bandia na Woga wa Kusema Lugha ya Kigeni

Kwamba mwanafunzi aweza kuijua sarufi ya lugha ya kigeni na bado akashindwa kufungua kinywa ni jambo lisilobishaniwa tena tangu Elaine Horwitz na wenzake wawili walipotoa, mwaka 1986, kipimo chao cha kauli 33 kuhusu wasiwasi wa darasani. Kabla yao, Lozanov wa Bulgaria alikuwa na dawa yake: mwanafunzi alipewa jina jipya na kazi mpya, ili makosa yawe ya mhusika, si yake.

Dawa hiyo sasa imetiwa katika mashine. Machi 2023, kampuni ya Duolingo iliwatolea wasemaji wa Kiingereza wanaojifunza Kihispania na Kifaransa mazoezi yaitwayo Roleplay, yanayoendeshwa na GPT-4. Mwanafunzi huagiza kahawa katika mkahawa wa Paris, au huenda kununua samani pamoja na mhusika Eddy. Kisha hupewa tathmini ya usahihi na uchangamano wa majibu yake.

Likitazamwa kama igizo, zoezi hili lina upungufu mkubwa: mhusika wa pili hana haja yake mwenyewe. Aingiaye mkahawani Paris pasipo kutanguliza salamu amekwisha kuharibu kabla hajaomba kitu, kama vile aingiaye nyumba ya Mswahili bila kupiga hodi. Mhudumu aweza kumjibu kwa ubaridi, au (na hili huwavunja moyo wengi zaidi) kumgeuzia Kiingereza. Mhudumu wa mashine hana foleni wala uchovu. Hufahamu hata sentensi iliyovunjika ambayo mtu angetaka irudiwe, na kwa hiyo humnyima mwanafunzi nafasi ya kujifunza kurudia, kujisahihisha na kuomba radhi.

Kipimo cha uchangamano nacho chatia shaka. Ombi la kahawa ni fupi kwa desturi. Anayelirefusha ili asifiwe hujitambulisha kuwa mgeni.

Haifai, hata hivyo, kuidharau mashine. Krashen alieleza mwaka 1982 jinsi hofu inavyoizuia lugha isimwingie mwanafunzi, na msomi wa Kifaransa aliyeko Eldoret, saa nne za usiku, hana Mfaransa wa kuzungumza naye. Kuyazoeza maneno ulimi ni faida halisi. Lakini huo ni ujasiri wa kutamka tu; ujasiri wa kusikilizwa ni jambo jingine, na wanaoisifu mashine aghalabu huyachanganya hayo mawili.

Yawezekana kuliziba pengo hilo kwa kiasi. Mashine hufuata maagizo: mwalimu aweza kuitaka iwe mhudumu mwenye haraka, adaiye salamu kwanza, ajifanyaye hakusikia. Siku ya pili wanafunzi wairudie sehemu ileile darasani, mbele ya wenzao wanaoweza kucheka.